Port of Spain kwa mpenzi wa jukwaa: anzia kwenye uwanja wa pani

Ikifika Novemba huwa naanza kuulizwa kuhusu Trinidad, kisiwa cha Karibi chenye mji wa Port of Spain. Kwa kuwa kazi yangu ni ufundi mitambo wa sauti jukwaani, watu hutaka niwatajie ukumbi: upi una sauti nzuri, viti gani vya kukata, kiingilio kikoje. Jibu langu huwashangaza wengi. Panga safari yako ufike wiki tatu hivi kabla ya Jumatano ya Majivu, siku Wakristo wanapoanza Kwaresima, maana kanivali, sherehe kubwa ya mitaani, hutangulia siku hiyo. Usiku wako wa kwanza usiende ukumbini. Nenda kwenye mazoezi ya bendi ya pani.

Pani ni ala ya chuma inayotengenezwa kwa pipa la mafuta. Fundi hulikandamiza tako la pipa kwa nyundo mpaka libonyee kama karai, kisha hugawa noti, yaani sauti moja moja za muziki, juu yake, kila noti na eneo lake. Pani ya sauti ya juu, ile inayobeba wimbo, ina noti zinazokaribia thelathini kwenye pipa moja lililokatwa fupi. Kwenye besi mambo ni mengine: mchezaji mmoja husimama katikati ya mapipa sita mazima, kila pipa lina noti tatu tu, naye hugeuka huku na huku kiuno kikifanya kazi sawa na mikono.

Ala hii ilizaliwa mtaani, tena kwa kubanwa. Miaka ya 1880 serikali ya kikoloni ya Uingereza ilizidhibiti ngoma za ngozi baada ya mapambano ya mwaka 1881 kati ya polisi na watu wa kanivali. Watu wakahamia kwenye mianzi, wakawa wanaitwanga chini itoe mdundo. Miaka ya 1930 vijana wa vitongoji vya Port of Spain wakaanza kugonga makopo ya biskuti na vyuma vya magari, na baada ya Vita Kuu ya Pili mapipa ya mafuta yakashika nafasi yake. Mwaka 1951 kikundi cha wapigaji kilipelekwa London kwenye Tamasha la Uingereza, na ndipo wakubwa wa kisiwani walipoanza kuwaheshimu vijana ambao polisi walikuwa wakiwakimbiza. Ndiyo maana mpaka leo bendi ya pani ni mali ya mtaa. Ina uwanja wake, ina mashabiki waliozaliwa jirani nao, na kazi yake yote hufanyikia pale.

Sasa nieleze kinachotokea uwanjani, maana hapa ndipo msafiri anapopata kitu ambacho ukumbi hauwezi kumpa. Mashindano makubwa ya bendi za pani, Panorama, yalianza mwaka 1963. Bendi kubwa hupanda na wapigaji hadi 120, na kila bendi ina takriban dakika nane za kupiga wimbo mmoja uliopangwa upya kuanzia mwanzo hadi mwisho. Wapigaji wengi hawasomi nota. Mpangaji wa muziki huja na kipande kichwani, anakiimba au anakipiga mbele ya kiongozi wa kundi, kiongozi anawapa wenzake, nao wanakirudia mpaka mikono ikikariri. Mpangaji Len Sharpe wa bendi ya Phase II, anayejulikana zaidi kwa jina la Boogsie, amejenga kazi zake kubwa kwa sikio namna hiyo. Mpangaji mwingine, Jit Samaroo, aliipatia bendi ya Renegades ushindi wa Panorama mara tisa. Ukikaa pale saa mbili utasikia kipande kikizaliwa: kwanza pani za juu peke yake, halafu za kati zinajaza, halafu besi zinaingia na kifua chako kinatikisika.

Kitaalamu, uwanja unafaa kwa pani kuliko chumba. Noti ya pani hupasuka kwa ukali kisha hufifia haraka. Mpigaji akitaka kuivuta, huigonga mfululizo kwa fimbo zenye mpira nchani. Weka wapigaji mia wakifanya hivyo ndani ya ukumbi wenye mwangwi mrefu, na ile miguso myembamba inachanganyika kuwa mvumo mmoja. Nje, sauti ya ziada inapanda zake angani na wewe unabaki na sauti safi. Simama kwanza mbele katikati, hatua kama kumi na tano kutoka safu ya kwanza. Ukishaujua wimbo, zunguka ukasimame karibu na kundi la mdundo, ambalo wenyeji huliita chumba cha injini: ngoma za breki za magari zikigongwa kwa vyuma, ngoma za ngozi, vikwaruzo. Bendi nzima inaegemea vyuma vile. Beba vizibo vya masikio, nasema kwa dhati, hasa ukiwa na watoto.

Kuhudhuria mazoezi kwa kawaida ni bure. Baa ya uwanjani ndiyo inayosaidia bendi, basi nunua kinywaji na chakula hapo hapo. Usiguse pani ya mtu: kidole kizito kinaweza kuharibu noti ambayo fundi aliipatanisha kwa siku nzima. Mwambie dereva wa teksi neno “panyard”, yaani uwanja wa pani, na jina la bendi, atakufikisha. Kwa mtu asiyeujua mji, All Stars wa Duke Street na Renegades wa Charlotte Street wanafaa sana, kwa sababu hawako mbali baina yao na unaweza kuwasikiliza wote jioni moja. Usiku ukikomaa rudi kwa teksi.

Fainali ya Panorama hufanyika Jumamosi kabla ya kanivali, kwenye uwanja mpana wa Queen's Park Savannah. Tiketi za majukwaa ya watazamaji zina raha yake, ila mimi napenda zaidi njia ambayo bendi husubiri zamu. Pale wanasukuma vyuma vyao vyenye magurudumu, wanasimama, wanapiga wimbo wote kwa mara ya mwisho, na wewe uko kiwiko kwa kiwiko nao.

Usikose pia hema la kalipso, nyimbo za kisiwani za kejeli na masimulizi. Zamani yalikuwa mahema kweli, ya mianzi na maturubai. Leo jina limebaki lakini maonyesho mengi yako ndani ya kumbi. Hapa neno ndilo mfalme. Mwimbaji anamchokoza waziri, anasimulia skendo ya wiki iliyopita, anafumba, na ukumbi unalipuka kabla hajamaliza mstari. Msikilizaji wa taarabu aliyezoea mipasho atajisikia nyumbani. Soma magazeti ya huko siku mbili tatu kabla ya kwenda, la sivyo nusu ya mafumbo itakupita. Tafuta hasa usiku wa extempo, ambapo mwimbaji hupewa mada papo hapo na kutunga beti akiwa jukwaani. Na ukimsikia mtu akitaja Calypso Rose, jua kwamba taji la mfalme wa kalipso lilibadilishwa jina mwaka 1978 kwa sababu yeye, mwanamke, ndiye aliyelitwaa.

Kumbi zenyewe? Zipo, na zina heshima yake. NAPA, chuo cha kitaifa cha sanaa za maonyesho, ni jengo kubwa lililofunguliwa mwaka 2009 likiwa na umbo la chakonia, ua la taifa, nalo hufaa kwa okestra na dansi. Queen's Hall ya mwaka 1959 ina ratiba pana zaidi. Kwangu mimi ukumbi wa kutembelea ni Little Carib kule Woodbrook, mdogo, ulioanzishwa na mcheza dansi Beryl McBurnie mwaka 1948 ili ngoma za kisiwani zipate jukwaa la kwao wakati ambapo watu wenye nafasi walizidharau. Hapo ndipo Derek Walcott, mshairi na mwandishi wa tamthilia aliyepata Nobel ya Fasihi mwaka 1992, alipoanza warsha yake ya tamthilia mwaka 1959. Ukikaa hata mstari wa nyuma unaona jasho la mwigizaji.

Likizo yako ikiangukia nje ya msimu, geuza mpangilio huu: anza na ratiba za Queen's Hall na Little Carib, kisha uulize bendi gani ina onyesho wiki hiyo. Agosti ni mwezi mzuri kwa hilo, maana tarehe 11 ni Siku ya Pani Duniani, iliyotangazwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2023.