Je, machozi huondoa subira?
Msibani, iwe Eastleigh au Majengo, mfiwa akilia huambiwa: "Nyamaza, subiri." Wengi tumekua tukiamini kwamba chozi ni kutoridhika na kadari. Nia ya wasemao ni njema.

Lakini fungua Sura Yusuf katika Qur'ani. Katika aya ya 18 Nabii Yaakub anataja "subira njema". Katika aya ya 84 macho yake yanageuka meupe kwa huzuni ya kumpoteza mwanawe Yusuf. Ni mzee yuleyule! Aya ya 86 yasema huzuni yake anamshitakia Mwenyezi Mungu. Kilichokatazwa katika hadithi za Mtume ni kujipiga mashavu, kurarua nguo na kuomboleza kwa mayowe.

Tarjuma za Kiswahili zipo. Usiishie aya moja. Au muombe ustadhi wa madrasa akuonyeshe palipoandikwa.