Arusha hadi Dar kwa ndege: kilomita ni moja, saa ni nyingine

"Ndege nayo inakwenda kilomita zilezile za basi." Hapana. Kutoka Arusha hadi Dar es Salaam kwa barabara ni kama kilomita 630, kwa kuwa lami inaizunguka milima ya Pare na Usambara kupitia Same, Korogwe na Chalinze. Ndege haina habari na milima hiyo: KIA (Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro) hadi Dar kwa mstari ulionyooka ni takriban 450. Mwanza ndiko penye pengo kubwa zaidi. Angani ni kama 470, juu ya Serengeti, ilhali basi linalopita Babati, Singida na Shinyanga hukaribia 800.

"Ndege inakwenda 800 kwa saa, basi Dar ni nusu saa." Hesabu hii huwaponza wengi. Muda wa kwenye tiketi huanza ndege inapotoka kwenye maegesho, si magurudumu yanapoacha ardhi, na huisha inaposimama kwenye maegesho ya kule. Ondoa dakika za kutambaa uwanjani, za kupanda, na za kushuka kwa mwendo uliopunguzwa. Kipande cha mwendo kamili kinabaki kifupi mno. Ndiyo maana huandikwa saa moja na dakika kadhaa, na ndiyo maana kwa njia hii jeti haiiachi mbali ndege ya mapangaboi. Ila Caravan, ndege ndogo ya injini moja, ni habari nyingine: inakwenda kama kilomita 300 kwa saa, kwa hiyo Kisongo, uwanja mdogo wa Arusha, hadi Zanzibar, kilomita 430 hivi, huchukua karibu saa moja na nusu, na zaidi ikitua njiani.

"Uwanja wa Arusha ndio KIA." Ni viwili. ARK ni Kisongo, magharibi mwa jiji. JRO ni KIA, karibu kilomita 50 mashariki, upande wa Moshi. Aliyekosea hawezi kuhama kwa nusu saa, hasa foleni ya mjini ikiwa imekaza. Soma herufi hizo tatu kwenye tiketi kabla ya kumwita dereva.

"Saa ya tiketi ni saa yetu." Tiketi ya 13:30 ni saa saba na nusu mchana. Inayoumiza zaidi ni 00:40: ya tarehe 15 maana yake uwe KIA usiku wa tarehe 14. Anayefika jioni ya tarehe 15 ameachwa tangu jana usiku.

"Toa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika, umepata muda wa safari." Kwa Dar, sawa. Hata Doha na Addis Ababa, maana saa zetu ni moja. Amsterdam iko nyuma yetu saa 1 wakati wa kiangazi chao, 2 wakati wa baridi. Tuseme umetoka huko saa 10:00 ukafika KIA 19:40 mwezi Julai: umesafiri saa 8 na dakika 40, si 9 na 40.

Mtu wa Moshi anayekwenda Dar ahesabu hivi: saa moja hadi KIA, mbili za kuwahi, moja na ushei angani, nyingine ya mizigo na foleni ya Dar. Jumla yakaribia saa tano na nusu. Basi, kwa kikomo cha 80 kwa saa na 50 kwenye makazi, litachukua tisa au zaidi.