Kulwa alichemka, Doto akalala: maswali ya kina mama wa kliniki, Chamwino

Wanangu ni pacha. Walichomwa sindano ya chanjo siku moja. Kulwa akachemka usiku kucha, Doto akanyonya na kulala. Ya Doto imeshika kweli?

Homa si kipimo cha kinga, mama. Ile joto ni mwili kushtukia mgeni siku za mwanzo. Kinga yenyewe hutengenezwa kimyakimya kwa wiki mbili hivi, na huko hakuna anayelia. Tena pacha wasiofanana wana vinasaba tofauti kama ndugu wengine, na vinasaba ndivyo vinavyoamua chembe za mwili zitakitambuaje kipande cha kijidudu. Doto hana neno.

Mbona ya surua wanachomwa miezi 9, halafu tena miezi 18?

Hapa kuna jambo wengi hawaambiwi. Mtoto huzaliwa na kinga aliyopewa na mama yake kupitia kondo. Ni zawadi nzuri, ila ina ubishi: chanjo ya surua ni kirusi kilichodhoofishwa, na kinga ya mama ikikikuta inakimaliza kabla mwili wa mtoto haujajifunza chochote. Kwa mtoto mmoja zawadi hiyo imeisha mapema, kwa mwingine bado ipo miezi 9. Kwa hiyo katika watoto 100 wanaochomwa umri huo, kama 85 ndio wanaopata kinga. Kusubiri wote wakue? Hapana, surua huua wachanga. Ile ya miezi 18 basi ni zamu ya wale ambao ya kwanza haikuwashika, na kwa kuwa hatuwajui kwa sura, tunawachoma wote. Ukiiacha kwa sababu “alishachomwa”, huenda wako ndiye mmoja wa wale 15.

Na ya matone?

Hiyo hupita tumboni, na tumbo la mtoto anayeharisha kila mara lina vurugu tayari. Vijidudu vingine huizuia chanjo isipate nafasi. Ndiyo maana chanjo za matone, ya polio na ya rota (kirusi kinachoharisha watoto), hazishiki sawasawa kote. Kama maji mnachota kwenye mchanga wa korongo, yachemsheni.

Babu yao ana miaka 75. Kinga yake ni ileile?

Hupungua. Tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, inakofunzwa sehemu ya askari wa mwili, husinyaa tangu ujana. Chanjo bado humsaidia, ila kwa nguvu ndogo zaidi.

Doto hana kovu begani, la jirani limetumbuka usaha.

Yote ya kawaida. Watoto wengine hawaoti kovu la BCG, chanjo ya kifua kikuu, na harudiwi mtu kwa hilo. Hilo la jirani lisikamuliwe, lisipakwe majivu wala dawa ya kienyeji. Liwe safi na kavu, litapona lenyewe.