Turbo C Siyo C

"Kaka, niwekee C." Wanataka C, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Nikiuliza C gani, jibu ni lile lile: ile yenye dirisha la bluu. Kisha inatolewa flashi. Ndani mna Turbo C++, zana ya zamani ya kuandikia na kuendeshea C na C++, iliyofungwa pamoja na DOSBox, na folda la vitabu vya PDF visivyo na jalada wala mwaka. Wiki hii nimefika kikomo, kwa hiyo naandika mara moja tu. Atakayenijia tena na flashi hiyo pale Mwanga, Kigoma, nitamtumia kiungo cha ukurasa huu na kuendelea na kazi zangu.

Turbo C++ ilikuwa bidhaa ya kampuni ya Borland. Hii 3.0 inayopokezanwa kwa flashi ni ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, enzi za DOS, mfumo uliotangulia Windows. Windows ya biti 64 haiendeshi programu za biti 16, ndiyo maana unalazimika kuipitisha ndani ya DOSBox, yaani kuiigizia kompyuta ambayo haipo tena. Hilo peke yake lingemfanya mtu asite. Wapi! "Ndiyo tuliyofundishiwa chuoni, na C haibadiliki."

Mimi sina ugomvi na uzee wa programu. Ugomvi wangu ni na hiki hapa. Chukua mchuuzi wa Kibirizi anayeuza dagaa sado tano, kila sado shilingi elfu nane:

int bei = 8000;
int sado = 5;
printf("%d", bei * sado);

Kwenye Turbo C++ inatoka -25536. Hakuna kosa lililoandikwa, hakuna onyo, programu imekubali na kukimbia vizuri. Mchuuzi kauza dagaa halafu anadaiwa elfu ishirini na tano na ushee! Na mwanafunzi, badala ya kuishuku zana, anajishuku mwenyewe. Anahamisha mabano, anafuta, anaandika upya, analala na kichwa kinauma.

Sababu ni kwamba int, yaani aina ya namba nzima, kwenye Turbo ina biti 16 (nafasi 16 za sifuri au moja). Inaishia 32767, ukivuka hapo inageukia upande wa hasi, na 40000 ukitoa 65536 (idadi ya namba zote zinazoenea kwenye biti 16) unapata hiyo hasi uliyoiona. Wenzetu wanaohesabu kwa dola wanaweza kusoma mwaka mzima wasiguse ukuta huo. Sisi wa shilingi tunaugonga kwenye zoezi la kwanza la duka. Ndiyo maana hoja ya "kwani ina tatizo gani, mbona mifano ya kitabu inakubali" inanikera. Mifano ya kitabu inajumlisha 5 na 10.

Tuwe wakweli lakini: Turbo haijavunja sheria yoyote hapo. Kanuni rasmi za C zinaruhusu int ya biti 16 mpaka leo. Ukihamia GCC, kompaila ya kisasa (programu inayogeuza maandishi yako ya C kuwa programu inayoendeka), kwenye kompyuta ya kawaida int ni ya biti 32 na ukuta unasogea hadi 2147483647, yaani bilioni mbili na ushee. Kwa duka la dagaa inatosha na kubaki. Kwa bajeti ya halmashauri haitoshi, na utaangukia shimo lile lile, tofauti ni kwamba safari hii aibu ni ya mabilioni. Kwa hiyo lawama nusu naipeleka kwenye folda la PDF. Kitabu kinachokwambia "int ni namba nzima" halafu kikageuza ukurasa bila kutaja mwisho wake hakijakufundisha int.

Na hapa wanaodhani dawa ni kitabu kipya wanapotea vilevile. Kitabu cha C cha Kernighan na Ritchie (Ritchie ndiye aliyeiunda C), toleo la pili, ni cha 1988. Ni kizee kuliko hiyo Turbo C++ 3.0, lakini kinasema wazi kwamba int yaweza kuwa biti 16 au 32 kutegemea mashine. Kinaeleza lugha, hakielezi dirisha la kampuni fulani. Simpi mtu anayeanza kabisa, maana kimebana mno na kinadhani umeshawahi kuprogramu. Ila kinanisaidia kupima vingine: nafungua PDF kwenye programu ya kwanza, nikiona void main(), conio.h na clrscr(), nafunga, maana hayo ni mazoea ya akina Turbo, si ya kanuni za C. Ikiwa ni ya C++ na inaanza na iostream.h, imeandikwa kwa desturi za kabla ya kanuni za 1998, na kompaila ya leo itaikataa palepale. Ikikufundisha gets(), itupe kabisa. gets() iliondolewa kwenye kanuni za C za 2011 kwa sababu inasoma maandishi yanayoingizwa bila kujua chombo chako kina nafasi kiasi gani.

Wa Python, ile lugha nyingine, msicheke. Python 2 iliacha kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020, na Python 3 ipo tangu 2008, lakini folda bado limejaa vitabu vya 2. Print isiyo na mabano si tatizo, itapiga kelele utaiona. Linaloumiza ni lile la kimya: kitabu kinasema 7/2 ni 3, mashine yako inasema 3.5, na hakuna anayekwambia kwamba wote wawili wako sahihi, kila mmoja kwa toleo lake.

Zana sasa, haraka haraka. VS Code ni kihariri tu; ukiiweka bila kompaila, C haitaendeka, na hapo sio kwamba laptop yako ni dhaifu. Visual Studio ni kitu kingine kabisa, itakula bando lako lote. Kwa C weka GCC, kihariri chochote, na unapokompaili ongeza -Wall ili ikuonye. Kwa Python ya kuanzia, Thonny inakuja na Python yake ndani, na inakuonyesha kila kigeu (variable) kina thamani gani mstari kwa mstari. Huna kompyuta? Termux kwenye simu ya Android inaendesha Python na kompaila ya C pia. Hadithi ya kusubiri kompyuta kali ya i7 sitaki kuisikia.

Ninapoyumba ni penye lugha ya vitabu vyenyewe. Vyote hivi ni vya Kiingereza, na nimeona vijana wenye akili kali wakikwama kwenye sentensi, si kwenye mantiki. Nikiwaeleza kwa Kiswahili wanaruka. Wakirudi peke yao kwenye kitabu, wanakwama tena, na sina hakika kama ninawasaidia au ninawachelewesha kukizoea. Wala sina hakika kama C ndiyo ya kuanza nayo. Siku nyingine nasema ndiyo, nikikutana na darasa lililochoka nasema Python.

Kuna wale ambao mwalimu anasahihisha kwa Turbo, hamna la kufanya. Basi jifunzeni kwa GCC, kisha siku ya kuwasilisha mjaribu humo. Fedha iwekeni kwenye long, aina ya namba nzima iliyo pana kuliko int ya Turbo, na ichapeni kwa %ld. Na angalieni: kuandika long jumla = bei * sado; hakutoshi kama bei na sado bado ni int, maana kuzidisha kunafanyika ndani ya int kwanza, uharibifu ukishatokea ndipo jibu linawekwa kwenye long. Anzeni na long bei = 8000; halafu Turbo nayo itawapa 40000.