"Oppose" si ugomvi kila mahali

Wanafunzi wangu wengi ni waongoza watalii hapa Arusha, na kwenye kitenzi "oppose" kosa linalojirudia ni "I oppose with you". Linakotoka panajulikana: napingana na wewe. Lakini "na" hiyo inahitajiwa na kupingana, si kupinga, na "oppose" ni kupinga. Kinachopingwa hufuata papo hapo: "they oppose the new road".

Hata ukiiondoa "with", sentensi inabaki na ukali usiokusudiwa. Mgeni akidai Kilimanjaro haifiki mita 5,000, usimwambie "I oppose you", ukasikika kama hasimu wake. Sema "I disagree", kisha mtajie 5,895. "Oppose" hulenga mpango, sheria, uteuzi, yaani jambo ambalo mtu angeweza kulizuia. Urefu wa mlima nani ataupigia kura?

Kwenye uchaguzi tumebahatika: aliyepita bila kupingwa ni "unopposed", basi. Penye utata ni pingamizi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka notisi ya siku 21 kabla ya kufunga ndoa, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Anayeliwasilisha kwa msajili "objects to the marriage", na hiyo "to" haikwepeki. Mjomba anayenuna nyumbani bila kumwandikia mtu yeyote, yeye "opposes" tu. Wa kwanza ametoa hoja rasmi, wa pili ana msimamo. (Wajomba wa aina ya pili ndio wengi.)

Halafu kuna "as opposed to", ambayo haina upinzani wowote ndani yake. "We camp on the rim, as opposed to the crater floor": tunapiga kambi ukingoni mwa Ngorongoro, si chini kwenye kreta. Ukitafsiri "ikipingwa na", umepotea.

Asili yake ni Kilatini, kuweka kitu mbele ya kingine, vikaelekeana. Ndiyo maana wanabiolojia huita kidole gumba chetu "opposable": kinaweza kugeuka kikakutana na ncha za vidole vingine. Tumbili anacho. Mbega weusi kwa weupe wa Hifadhi ya Arusha hawana, wamebakiwa na kinundu tu, na jina lao la Kiingereza, "colobus", limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya aliyekatwa kiungo. Wageni hulipenda hilo kuliko sarufi.