Kabla Hujalinganisha Wagonjwa wa Nchi Mbili

Swali linaloulizwa sana kila mlipuko unapotokea ni hili: mbona nchi jirani ina wagonjwa wachache kuliko sisi? Mara nyingi jibu halimo kwenye ugonjwa wenyewe, limo kwenye jinsi unavyohesabiwa.

Tufanye hesabu ya mfano. Watu 1,000 wameambukizwa. Nusu yao wanakwenda kituo cha afya (500), wanne kati ya kila kumi wanapimwa (200), kipimo kinawanasa asilimia 80 (160), na fomu tisa kati ya kumi zinafika wizarani. Taifa linatangaza wagonjwa 144. Nchi ya pili nayo ina walioambukizwa 1,000, ila saba kati ya kumi wanakwenda kituoni na wanane kati ya kumi wa hao wanapimwa. Kipimo ni kilekile, na fomu zinafika vilevile. Hiyo itatangaza 403. Ugonjwa ni sawasawa, lakini magazeti yataandika kwamba hali ya nchi ya pili ni mbaya karibu mara tatu. Ndiyo maana nikipewa idadi ya wagonjwa bila idadi ya waliopimwa, siitumii kulinganisha. Wagonjwa wakipungua huku asilimia ya vipimo vinavyoonyesha maambukizi ikipanda, kilichopungua ni upimaji.

Baada ya hapo natazama fasili ya mgonjwa: nani anahesabiwa, na kwa kigezo gani? Februari 12, 2020, mkoa wa Hubei nchini China ulitangaza wagonjwa wapya 14,840 wa UVIKO-19 kwa siku moja. Virusi havikuruka usiku ule. Mkoa ulianza kuwahesabu waliotambuliwa na daktari kwa dalili na picha za mapafu bila kusubiri kipimo cha maabara, na 13,332 kati yao waliingia kwa mlango huo. Agosti mwaka huohuo Uingereza iliamua kuhesabu vifo vilivyotokea ndani ya siku 28 baada ya kipimo kuthibitisha maambukizi, na zaidi ya vifo 5,000 vikaondoka kwenye jumla yake. Mchoro usio na alama kwenye tarehe ambayo fasili ilibadilika utampotosha hata mtaalamu.

Sifuri ndiyo nambari inayonitia wasiwasi kuliko zote. Wilaya iliyoandika "hakuna mgonjwa" na wilaya ambayo haikutuma fomu kabisa ni vitu viwili tofauti, lakini mifumo mingi huviweka vyote kama nafasi tupu. Walioshughulikia polio walilitatua jambo hili kwa akili sana. Hawatafuti polio peke yake, wanamtafuta kila mtoto wa chini ya miaka 15 aliyelegea viungo ghafla, hata kama inaonekana wazi kuwa si polio. Ulegevu wa namna hiyo una visababishi vingine, ukiwemo ugonjwa wa Guillain-Barré ambao kinga ya mwili hushambulia neva, na visababishi hivyo vipo kila mahali, polio iwepo isiwepo. Kwa hiyo nchi inatarajiwa kupata angalau mtoto mmoja asiye na polio kwa kila watoto 100,000 kwa mwaka. Yenye watoto milioni 20 inapaswa kupata 200. Ikipata 40, sifuri yake ya polio haithibitishi chochote, maana hao waliolegea kwa sababu nyingine nao hawakuonekana.

Kumpata mtoto pekee hakutoshi. Zinatakiwa sampuli mbili za choo, zipishane angalau saa 24, zote ndani ya siku 14 tangu ulegevu uanze. Ni mbili kwa sababu virusi hutoka kwa vipindi, na ni siku 14 kwa sababu baadaye hupungua kwenye choo. Zisafirishwe kwenye nyuzijoto 2 hadi 8. Barafu ikiyeyuka njiani, maabara inaweza kujibu "hakuna kirusi" kwa sampuli iliyokuwa nacho. Na wastani wa taifa usikuridhishe: mji mkuu unaweza kuzidisha lengo huku wilaya za mpakani zikiwa kimya, na mpakani ndiko ninakotazama kwanza.

Jambo la tarehe ni fupi ila linauma. Ukipanga wagonjwa kwa siku dalili zilipoanza, wiki za mwisho zitaonekana zimeshuka daima, kwa kuwa taarifa zao bado ziko njiani. Tunza nakala ya data ya kila wiki, uone wiki moja hujaa kiasi gani baadaye. Kama kwa kawaida asilimia 60 ndiyo hufika mapema, taarifa 300 ulizonazo huenda zikawa 500. Uwiano huo utavunjika sikukuu zikiingia au maabara ikielemewa, tena aghalabu huelemewa mlipuko unapokuwa mkali.

Kuripoti nje ya mipaka kuna utaratibu wake. Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005 zinaipa nchi saa 48 kutathmini tukio kwa maswali manne: madhara yake ni makubwa? Si la kawaida? Laweza kuvuka mipaka? Laweza kuzuia safari au biashara? "Ndiyo" mbili zinatosha, na Shirika la Afya Duniani (WHO) lijulishwe ndani ya saa 24 baada ya tathmini. Kinachokwamisha mara nyingi ni woga. Novemba 2021 Afrika Kusini iliripoti mapema aina ya kirusi iliyoitwa Omicron, na ndani ya siku chache ikafungiwa safari za ndege. Anayetunga sera ya mipaka akumbuke kwamba anaamua pia kama mwenzake ataripoti mapema wakati mwingine.

Data huongoza sera vizuri pale kizingiti kinapokubaliwa kabla ya mlipuko. Katika ukanda wa homa ya uti wa mgongo, kuanzia Senegal hadi Ethiopia, wilaya yenye watu 30,000 hadi 100,000 ikifikisha wagonjwa 3 kwa kila watu 100,000 kwa wiki, inaongeza uchunguzi na kupeleka maji ya uti wa mgongo maabara. Ikifika 10, inachanja. Hesabu ni ya wilaya, kwa sababu ukigawanya kwa taifa zima mlipuko unazama. Maabara nayo si urasimu: bakteria wa homa hii wako katika makundi, na chanjo ya kundi A ilipoanza kutolewa mwaka 2010, kundi hilo lilipungua sana, kisha mwaka 2015 Niger ikakumbwa na mlipuko mkubwa wa kundi C, ambalo chanjo ile haikulizuia. Wilaya inayohesabu wagonjwa bila kujua kundi inaweza kuvuka kizingiti kwa usahihi kabisa na kuagiza chanjo isiyofaa.