Uji kwanza, kingatiba baadaye

Watu wakisikia wanafunzi wamechangishana unga wanadhani ni msaada kwa wenye njaa, basi. Ule wa shule moja ya msingi huku Ilemela, Mwanza, shule ambayo ukitoka getini unaliona Ziwa Victoria, ulikuwa sehemu ya tiba kabisa, na nataka nielezee kwa nini maana mimi ni mtu wa maabara, nasoma sampuli za vinyesi vya watoto natafuta mayai ya kichocho, na najua siku ya kingatiba, yaani siku ya kuwamezesha watoto dawa ya kichocho shuleni, inaharibikia wapi.

Tuanze na hili. Kila darasa nikiingia lazima mtoto mmoja aniambie "mimi sina kichocho, sikojoi damu", na nyumbani kaambiwa hivyohivyo. Huku kwetu vipo viwili jamani. Kile cha mkojo kinapatikana zaidi mbali na ziwa, kwenye madimbwi na malambo ya Misungwi, Kwimba na Magu. Cha ziwani, yaani Ukerewe, Sengerema na mialo yetu hii, ni kichocho cha tumbo, mayai yake yanatoka na choo kikubwa kwa hiyo mkojo unaweza kuwa safi tu na mtoto anaumwa. Tumbo linauma linaacha, anaharisha, anachoka, darasani anasinzia halafu anaitwa mvivu, hii inaniuma sana. Minyoo yenyewe inakaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo, jike linataga mayai mamia kwa siku, na mengi hayatoki, yanabaki mwilini, mengine yanakwama kwenye ini. Hayo yaliyokwama ndo yanaleta madhara kuliko hata mnyoo. Miaka inaenda, ini linajaa makovu, tumbo linajaa maji, mwisho mtu mzima anatapika damu wakati ugonjwa ulianza akiwa mtoto anaogelea mwaloni.

Basi klabu ya afya ya ile shule wakaomba waone mayai kwa macho yao, nikaenda na hadubini. Kwenye kipimo chetu kuna kibati chenye tundu dogo, kinyesi kinachojaa hapo ni miligramu 41.7, ukihesabu mayai yote unazidisha kwa 24 unapata idadi kwa gramu moja. Darasa la sita wakapiga hesabu wenyewe: mayai 5 ni 120 kwa gramu, na hiyo ya gramu ikifika 100 tayari tunasema maambukizi ya kati, ikifika 400 ni makali. Yai la kichocho cha tumbo lina mwiba ubavuni, na binti mmoja alipoliona akapiga kelele "mwalimu, lina mwiba kama wa sato!" na foleni yote ikataka kuona mwiba. Toka hapo sikuwa na kazi ya kuwashawishi.

Sasa dawa. Ni praziquantel, kidonge cha miligramu 600, kikubwa na kichungu hasa. Shuleni hatupimi kilo, tunatumia fimbo ya urefu: mtoto wa sentimita 125 hadi 138 anameza viwili, wa 138 hadi 150 viwili na nusu, na kuendelea hivyo. Mtoto akimeza tumbo tupu anaweza kupata kichefuchefu, kizunguzungu, tumbo kumkata, na akitapika dozi ndo imeenda hivyo. Halafu chakula kinasaidia dawa iingie vizuri kwenye damu. Watoto wangapi wanatoka nyumbani hawajaweka kitu mdomoni? Wengi tu, na mwalimu yeyote wa zamu anawajua. Mmoja akitapika mbele ya wenzake foleni inavunjika, mchana mtaa mzima unasema watoto wamepewa sumu. Mwaka 2008 kule Morogoro uvumi wa namna hii ulifika mpaka wazazi kuvamia shule.

Ndo maana ule unga. Kila mwenye uwezo alete kikombe kimoja cha unga wa sembe au wa dona, na dada mmoja wa darasa la saba akasema tusiandike majina ya waliotoa, ndoo iwekwe nyuma ya darasa kila mtu apite, ili ambaye kwao hakuna asijulikane. Mimi nimehudhuria vikao vingi vya watu wazima na sijasikia pendekezo zuri kama lile. Akina mama wanaokausha dagaa hapo jirani wakaongezea sukari na kuni. Saa mbili na nusu uji, watoto wakanywa mpaka wakapewa nyongeza, saa tatu na nusu fimbo ikasimama. Waliolalamika kizunguzungu walikaa kivulini na maji ya kunywa, na hakuna mzazi aliyekuja kwa hasira maana watoto walishawaeleza wiki nzima kabla.

Na wanaeleza vizuri kuliko sisi. Hawasemi "usiende ziwani", wanajua ziwa ndo bomba lao. Wanasema choo kwanza, kwa sababu kinyesi cha ufukweni mvua ikikisomba majini mayai yanaanguliwa, vijidudu vinaingia kwa konokono, vinatoka vingine vinavyopenya ngozi kwa dakika chache tu. Vinatoka zaidi jua likiwa kali, kwa hiyo kuteka asubuhi mapema kunapunguza hatari ingawa hakuiondoi, na maji ya kuoga yakilala kwenye ndoo iliyofunikwa siku mbili, bila konokono ndani, vinakufa vyenyewe.

Dawa yenyewe haikingi, mtoto akirudi majini anaambukizwa tena, tena minyoo michanga haiui, inaua iliyokomaa, ndo maana tunarudia. Kilichobaki sasa ni wale ambao hawakuwepo siku ile, wengine walikuwa ziwani na kaka zao. Klabu imeshapata orodha kwa mwalimu wa afya, na ndoo imerudishwa nyuma ya darasa, ikijaa tunapika tena kwa ajili yao.